Karo Nimelipa, Mwalimu ni YouTube

Kuna sentensi ambayo kila mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta huisikia kabla hajamaliza mwezi wa kwanza chuoni: "Hii kozi ni ya kujifundisha mwenyewe." Mhadhiri huisema akizima projekta. Wale wa mwaka wa nne huisema wakikuuzia laptopu yao iliyochoka. Waajiri huisema kwenye makongamano, maiki mkononi. Na kuna wale jamaa wa X ambao kila Jumatatu asubuhi lazima watukumbushe kwamba wao walijifunza kila kitu YouTube, hawakuhitaji mtu. Inasemwa kama wosia wa babu.

Nimeisikia miaka mitatu sasa na nimechoka nayo, kwa sababu nimeanza kuisoma kama bili. Mtu akikwambia ujifundishe mwenyewe, amekwambia pia ununue mashine, ununue bando, ulipe stima ya kuichaji hiyo mashine, na utafute mahali pa kukaa na saa za kukaa hapo. Karo ulishalipa. Hii ni karo ya pili, haina risiti, na hakuna basari ya kaunti inayoilipia.

Sitataja chuo ninachosomea. Weka chako hapo, najua kitatoshea. Nitapitia wiki moja ya kawaida katikati ya muhula, wiki ambayo hakuna mgomo, hakuna maandamano na hakuna mtu ameugua, tuone hii sentensi inafanya kazi gani ndani yake.

Kabla ya hapo, neno moja. Sisi darasani husema tunakodi, kwa maana ya kuandika programu. Mathe aliponisikia mara ya kwanza aliuliza, "Mnakodi nini? Nyumba?" Nikacheka. Siku hizi sicheki sana. Ukiangalia pesa zinakoenda, mathe alikuwa karibu na ukweli.

Jumatatu asubuhi tuna Miundo ya Data. Mhadhara saa mbili, halafu maabara saa mbili. Ratiba inasema hivyo na imegongwa muhuri. Darasani tuko 84. Maabara ina kompyuta 40, na siku ikiwa nzuri zinawaka 23. Hizo zinazowaka, baadhi hazina kompaila, na hatuwezi kuiweka sisi wenyewe kwa sababu nenosiri liko kwa fundi wa maabara, naye fundi ana maabara tatu na simu ambayo haishikwi. Kwa hivyo somo la vitendo huwa hivi: mhadhiri anaandika programu kwenye mashine yake, projekta inaionyesha ukutani, sisi tunapiga picha na simu. Wenye laptopu wanaandika pamoja naye. Wengine wanachungulia begani mwa wenye laptopu. Saa mbili zikiisha tunaambiwa, "Mkajaribu wenyewe nyumbani."

Nyumbani wapi? Na nini?

Hapo ndipo darasa linagawanyika, na hakuna mahali popote patakapoandikwa kwamba liligawanyika. Walio na uwezo wa kujaribu nyumbani watarudi Jumatatu ijayo wakiwa wameshaiona programu ikikataa, ikining'inia, ikakubali saa nane usiku bila wao kuelewa kwa nini, halafu wakaelewa. Wasio na uwezo watarudi na picha kwenye simu. Baada ya wiki sita hao wa kwanza wanaitwa wakali. Hao wa pili wanaambiwa kompyuta si ya kila mtu. Nimesikia hilo likisemwa kwa huruma kabisa, kwa msichana aliyepata A ya hesabu KCSE kutoka shule ya kutwa, ambaye hakuwahi kumiliki mashine maishani mwake. Mwaka wa pili alihamia kozi nyingine. Kwenye rekodi za chuo imeandikwa kwamba alibadilisha nia.

Mimi nina laptopu. Ni ex-UK, niliinunua mjini kwa 21,000 baada ya mjomba, mathe na dada yangu kuchanga, na ina RAM ya gigabaiti 4. Google wenyewe wanasema Android Studio inataka angalau gigabaiti 8. Kwa hivyo somo la programu za simu nimelifanya nikiwa nimefunga kila kitu kingine, hata kivinjari chenye maelezo ninayopaswa kuyafuata. Ukibonyeza kitufe cha kuendesha, unaweza kushuka ngazi, ununue chapo mbili, urudi, na bado upate kile kiduara kinazunguka. Betri hukaa dakika 35. Na kwa hesabu ya darasa letu mimi ni mtu aliyebahatika.

Jumanne ni siku ya waifai, maana mihadhara huisha saa sita. Chuo kina waifai, mabango yanasema hivyo. Ukweli ni kwamba iko nyuma ya maktaba, kwenye ukuta mmoja wenye soketi mbili, moja ikiwa na cheche. Pale ndipo nilipojifunza pointa. Nilizijifunza kwa CS50, ile kozi ya Harvard ya David Malan, ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifuata bure. Sina wivu na Harvard kwa sababu ya majengo. Ninachowaonea wivu ni kitu kidogo: kila zoezi lina programu ya kulikagua. Unatuma amri moja, unaambiwa hapa uko sawa, hapa umekosea. Kwetu ukituma zoezi leo, alama itakuja mwisho wa muhula, ikija, na haitakuwa na neno lolote la kukueleza ulikosea wapi.

Saa moja jioni nusu ya watu pale ukutani huondoka, na hiyo nusu ni wasichana. Njia ya kwenda hosteli za nje haina taa, na kila mwanafunzi anajua kisa kimoja au viwili kuhusu hiyo njia. Sisi wavulana tunabaki mpaka saa nne. Piga hesabu: saa tatu kwa usiku mmoja, siku tano kwa wiki, wiki 14 za muhula. Ni saa 210. Halafu mtu anaitisha kongamano kwenye hoteli kuuliza kwa nini wasichana ni wachache katika teknolojia, na jibu huwa ati wanahitaji kutiwa moyo.

Ukiwa keja, unategemea bando. Bando la saa moja ndilo la bei ya chini, na limetufundisha usomaji wa ajabu. Unanunua, unafungua tabo kumi na mbili, unadaunilodi kila unachodhani utakihitaji, saa inaisha, ndipo unaanza kusoma. Ukikwama kwa kitu ambacho hukudaunilodi, umekwama hadi kesho. Na hakuna anayejifunza kukodi kwa kujua mapema atakwama wapi. Somo la mifumo endeshi lilitaka Linux. Faili ya Ubuntu ni zaidi ya gigabaiti 5, kwa hivyo darasani ilizunguka kwa flashi moja, mkono kwa mkono, kama kitabu kilichopigwa marufuku.

Jumatano ilikuwa CAT. Msomaji ambaye hajasomea hii kozi naomba aketi kwanza: tunaandika programu kwa biro, kwenye karatasi. "Andika programu ya C++ itakayopanga namba 10 kutoka ndogo hadi kubwa. Alama 10." Unaanza kuandika. Ukikumbuka kwamba ulisahau kutangaza kigeu kule juu, unachora mshale, unaandika pembeni kwa herufi ndogo. Halafu mhadhiri atachukua karatasi 84 na kuzisahihisha yeye akiwa kompaila, akitafuta nuktamkato zilizosahaulika. Ukisahau moja, alama inakatwa. Mashine ingekuonyesha hilo kosa kabla hujapepesa jicho, na mstari wenyewe ingekutajia.

Hii desturi ina asili, na asili yake ilikuwa na akili. Miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa moja kwa taasisi nzima. Mwandishi wa programu aliandika kwa mkono kwenye karatasi zenye vijisanduku, karatasi zikapelekwa kwa watu wa kutoboa kadi, kadi zikapangwa foleni, na jibu likarudi baada ya saa kadhaa au kesho yake. Karatasi ilitumika kwa sababu mashine ilikuwa adimu. Leo simu iliyo mfukoni mwa mlinzi wa lango letu inazishinda zile mashine kwa mbali, na bado tunatoa biro. Ukiuliza kwa nini, rudi Jumatatu: kompyuta 23, watu 84. Sababu ni ileile ya zamani. Tofauti ni kwamba uadimu wa wakati ule ulitokana na teknolojia, na huu wetu unapitishwa kila mwaka kwenye bajeti.

Wako wanaoitetea karatasi. Wanasema inapima mantiki bila mtu kuegemea mashine. Sawa, basi ipimeni mantiki. Niambieni nichore mti, nieleze kwa nini njia hii ya kupanga inakuwa ya polepole data ikiongezeka, nifuate programu fupi mstari kwa mstari na kusema itatoa nini. Karatasi inayaweza hayo vizuri kabisa. Kunipima kama nakumbuka nuktamkato ni mtihani wa imla.

Na hapa ndipo ile sentensi yao inapojichoma yenyewe. Mnatuambia tujifundishe. Sawa, tukajifundisha. Halafu mnatahini slaidi. CAT ni 30, mtihani wa mwisho ni 70, na maswali mengi yanatoka kwenye slaidi ambazo tarehe yake chini inaonyesha zilitengenezwa tukiwa shule ya msingi. Yuko mtu darasani mwetu mwenye A ya C++ ambaye hajawahi kuona programu yake mwenyewe ikiendeshwa. Si mwizi, hakubeba mwakenya. Alikariri, akaandika vizuri, akapewa haki yake. Yuko mwingine anayetengeneza mifumo ya maduka mawili mtaani, watu wanalipia bidhaa kupitia programu yake, na ana C, kwa sababu wiki ya mtihani alikuwa anarekebisha kosa la mteja. Yule aliyefuata ushauri wenu mmempa C.

Alhamisi mhadhiri wa hifadhidata hakuja. Ujumbe uliingia kwenye grupu ya WhatsApp saa mbili na dakika kumi, wakati watu walishapanda matatu mbili kufika. Sitampiga mawe. Huyo mtu ni wa vibarua, anafundisha kampasi tatu, na kiongozi wa darasa anasema kuna muhula mzima ambao hajalipwa. Hata wale wa kudumu, mwaka wa 2025 waligoma siku 49, Septemba hadi mwanzo wa Novemba, wakidai pesa za makubaliano yao. Mtu kama huyo akisema "jifundisheni", mimi naisikia kama sauti ya mtu aliyechoka. Anatupitishia mzigo uleule aliotupiwa yeye. Ugomvi wangu uko na waliokaa juu, ambao kila mwaka wanaongeza idadi ya wanafunzi wa hii kozi bila kuongeza hata soketi, halafu wanaita huo upungufu falsafa ya elimu.

Kwa sababu kwenye hotuba pesa ziko. Mji wa teknolojia wa Konza uliwekwa jiwe la msingi Januari 2013. Mwaka huohuo watoto wa darasa la kwanza waliahidiwa laptopu kwenye kampeni, zikaja kuwa tabuleti miaka mitatu baadaye. Mwaka wa 2022 nchi ilishangiliwa kwa kuidhinisha mtaala wa kufundisha watoto wa shule kukodi. Mimi sina shida na lolote kati ya hayo. Nauliza tu nani atawafundisha hao watoto, kama anayesomea kazi hiyo leo anaifanyia mtihani kwa biro.

Ijumaa mchana tulitembelewa na mtu wa kampuni. Viatu vyeupe, slaidi nzuri, Kiingereza cha kupumua puani. Akasema yeye cheti haangalii kabisa. Makofi. Akasema yeye anaangalia GitHub. Makofi zaidi. Kwa asiyejua, GitHub ni mahali ambapo waandishi wa programu huweka kazi zao, na ukurasa wa kila mtu una ubao wa vijisanduku, kimoja kwa kila siku ya mwaka. Siku uliyofanya kazi kinageuka kijani. Siku hukufanya kinabaki kijivu. Jamaa akaonyesha ubao wa kijana fulani, kijani tupu mwaka mzima, akasema, "Huyu nilimwajiri bila hata mahojiano. Hii inaitwa kiu."

Mimi nikauangalia ule ubao nikawaza wangu. Najua kila pengo lilipo. Kuna wiki mbili za kijivu Februari: chaja iliungua. Kuna Mei karibu yote: nilikuwa nyumbani, na kwetu mtandao unaupata ukipanda kwenye kile kilima cha kanisa. Kuna siku za hapa na pale ambazo tokeni za stima ziliisha na kila mtu kwenye ploti alikuwa anangoja mwenzake anunue. Ubao wangu ni historia ya stima na bando. Bwana mkubwa anausoma kama historia ya kiu. Na siyo yeye peke yake, sekta nzima inausoma hivyo, na inajipongeza kwamba imeacha ubaguzi wa vyeti. Cheti angalau kilikuwa na kiwango cha karo kilichotangazwa. Huu mlango mpya unakulipisha miaka minne ya muda na umeme kabla hujaufikia, halafu ukifika unaambiwa ulikuwa wazi siku zote.

Mwisho wa kikao kuna mwanafunzi aliuliza kuhusu nafasi za mafunzo ya kazini. Zipo, akasema, miezi mitatu, bila malipo, "lakini mtajifunza mengi". Tena tujifunze! Nauli ya miezi mitatu, chakula cha mchana cha miezi mitatu, na bima unayotakiwa kuja nayo mwenyewe. Mwaka jana wenzetu kadhaa walioenda kwenye ofisi mbalimbali walirudi wakiwa wataalamu wa kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa.

Jumamosi ndiyo siku ningependa wakuu wa vyuo waje kukaa nasi. Mwenzangu wa keja hufanya kazi za mtandaoni. Kuna miezi alikuwa anaweka alama kwenye picha: hili ni gari, huyu ni mtu, hii ni baiskeli. Wanafunzi wengi wamepitia huko. Ndiyo kazi ileile ambayo Januari 2023 jarida la Time liliandika habari zake, kwamba watu wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuainisha maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Siku hizi mwenzangu ameacha hiyo. Anawafanyia wanafunzi wa ng'ambo mazoezi yao. Biashara hii ya kuandikia wenye vyuo vyao huko nje ni kubwa hapa kwetu kiasi kwamba mwaka wa 2024 ilitengenezewa filamu nzima, The Shadow Scholars, kwa hivyo sifichui siri.

Najua kuna mtu ameshaanza kuhubiri kuhusu maadili. Hubiri, lakini kwanza njoo uone lile zoezi. Mimi nililiona, alikuwa amelifungua kwenye skrini tukinywa chai. Kurasa 11. Linaeleza tatizo, linatoa mfano wa data, linaeleza kila sehemu itapewa alama ngapi na kwa nini. Limekuja na faili za majaribio, unaendesha programu yako na zinakwambia umepita 14 kati ya 20. Chini kuna ratiba: wasaidizi wanapatikana maabara Jumanne na Alhamisi jioni hadi saa nne, leta laptopu yako, kama huna utaazimwa moja kwenye dawati la maktaba.

Utaazimwa moja. Tulisoma huo mstari tukanyamaza kidogo, halafu mwenzangu akasema, "Na bado huyu jamaa analipa mtu amfanyie."

Alilifanya kutoka saa tatu asubuhi mpaka usiku wa manane. Nikisema ukweli, kwa siku hiyo moja alijifunza kuhusu grafu kuliko muhula mzima wa Jumatatu zetu, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kinachomjibu. Pesa ilipoingia alilipa nusu ya nyumba na akanunua bando la wiki. Jumatatu iliyofuata hakuja maabara, alikuwa na zoezi jingine la kuwasilisha. Kwetu ni mwanafunzi dhaifu, mahudhurio yake yako chini na ana sapu mbili. Na kwenye chuo ambacho hajui hata lango lake liko upande gani, ana 88.

Jumapili ni ya kufua, kanisa kwa wanaoenda, na kupigiwa simu na wazazi. Mathe huuliza kama nimekula na kama masomo yako sawa. Namwambia yako sawa. Usiku kuna zoezi la kuwasilisha Jumatatu, na hadithi inaanza upya.

Sasa, najua jibu linalokuja. Litakuja na majina. Mbona Bill Gates alijifundisha? Mbona Linus Torvalds aliandika Linux akiwa mwanafunzi tu kama nyinyi? Tuyachukue hayo majina basi, maana yananisaidia mimi. Torvalds alianza Linux mwaka wa 1991 akiwa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika nchi ambayo mwanafunzi hakulipa karo ya chuo, na kompyuta aliyoitumia ilikuwa yake mwenyewe, chumbani kwake. Gates naye alianza akiwa mtoto wa miaka 13 hivi, mwaka wa 1968, katika shule ya kibinafsi ya Lakeside kule Seattle. Shule ilikuwa na mashine iliyounganishwa kwa simu na kompyuta kubwa ya mbali, na muda wa kuitumia ulikuwa unalipiwa. Nani alilipa mwanzoni? Klabu ya akina mama wa shule. Walifanya mauzo ya vitu vilivyotumika, wakatoa pesa. Yaani nyuma ya mtu maarufu zaidi wa kujifundisha mwenyewe kuna chama cha akina mama na mtumba. Hapo nimemkubali Gates kabisa. Kichwa chake kilikuwa chake. Lakini ile hadithi ikifika kwetu inakuwa imeshapoteza wale mama njiani, na tunauziwa iliyobaki.

Na sijasema watu wasijifunze wenyewe. Hakuna njia nyingine ya kukijua hiki kitu, lazima ukae nacho peke yako usiku kitu kikikukatalia. Mimi nakipenda, la sivyo ningeshahama. Ninachokataa ni chuo kuchukua karo yangu na bado kuchukua sifa ya vitu nilivyovitoa nyuma ya maktaba, kwenye soketi ya cheche, halafu kumwita mzembe yule aliyekosa hata hiyo soketi.

Ninachotaka hakihitaji Konza. CAT za kukodi zifanyiwe kwenye kompyuta, kwa zamu kama mashine ni chache, watu 23 kwa saa, darasa linaisha kwa zamu nne. Dawati la kuazima laptopu, hata kumi, hata ex-UK. Mkopo wa wanafunzi uitambue mashine kama gharama ya masomo kwa kozi hii. Kampuni inayochukua mwanafunzi miezi mitatu impe nauli. Na taa kwenye ile njia.

Lakini tumeanza na dogo kuliko yote. Maabara yetu inafungwa saa kumi na moja jioni na kufunguliwa saa mbili asubuhi. Zile kompyuta 23 zinakaa gizani saa 15 kila siku, nyuma ya kufuli moja, na nje kuna mlinzi ambaye yuko pale usiku kucha na analipwa kuwa pale. Tuliandika barua kuomba ifunguliwe hadi saa nne usiku. Saini ni 61, na 27 kati ya hizo ni za wasichana, ambao waliongeza aya yao kuhusu taa. Barua ilipokelewa, ikagongwa muhuri, tukapewa nakala. Hii ni wiki ya tatu. Jumatatu tunarudi kuuliza, na safari hii tutaenda wote 61.